Nukta ya Bluu

Wengi chuoni walimwita Rula. Kabla ya kukabidhiwa tovuti ya chuo cha wakunga, alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kupiga chapa kwa miaka kumi na minne, na huko ndiko alikozoea kusoma akiwa ameweka rula chini ya mstari. Kiwanda kilipofungwa, rula aliondoka nayo. Hata kwenye kioo cha kompyuta aliiweka, na waliomcheka walicheka mpaka wakachoka wenyewe.

Jumatatu hiyo mkuu wa chuo alimwita hata hajaketi. Wanafunzi walikuwa wameshindwa kufungua matokeo yao. Kila aliyejaribu aliandikiwa kwamba tovuti imezuiwa, ina mambo ya kamari.

"Kamari, mama! Chuo cha wakunga!" Mkuu alishika kichwa. "Nimeshaongea na kampuni moja. Ijumaa saa sita wakikuta mambo ni haya haya, utawakabidhi funguo zote za tovuti, wewe urudi stoo ukapange glavu."

Rula alirudi mezani pake. Akaiwasha programu yake ya ukaguzi, ile inayoingia ukurasa kwa ukurasa na kufuata kila kiungo ione kinaelekea wapi. Ilizunguka hadi adhuhuri. Katika kurasa mia tatu na kumi na mbili, viungo kumi na kimoja vilielekea kwenye tovuti ya kamari.

Alifungua ukurasa wa kwanza uliotajwa. Lilikuwa tangazo la kufungua muhula. Akalisoma neno kwa neno: tarehe, vyeti, sare. Kiungo hakukiona. Akafungua la pili, la tatu. Wapi!

"Wadukuzi hao, wifi yangu," alisema dada wa mumewe, msimamizi wa chumba cha kompyuta, ameegemea mlango na kikombe chake. "Waachie kampuni, upumzike."

"Mdukuzi gani huyo anayependa matangazo ya muhula tu? Matokeo hajagusa, picha hajagusa."

"Sasa nikamuulize mimi?"

"Wewe nenda kazime kompyuta zako, zinawaka tangu juzi."

Matangazo yenye kasoro yalikuwa kumi na moja, moja kwa kila mwaka. Rula akajifunga kibwebwe, akarudi nyuma mwaka kwa mwaka mpaka lile la kwanza kabisa. Humo akakuta mstari ulioeleza kwamba wazazi watapata vyumba katika hosteli ya jirani, na anwani yake ya mtandao kwa herufi za bluu. Hosteli ile aliikumbuka, yenye geti la kijani. Ilibomolewa zamani. Alipoibonyeza anwani, kamari hiyo hapo: jina la tovuti lililoachwa bila mwenyewe lilikuwa limechukuliwa na watu wengine. Hilo alilielewa. Lililomkera ni namna kiungo kilivyohamia matangazo mengine kumi, ambamo neno hosteli halimo.

Yote yaliandikwa na mtu mmoja, karani wa usajili, mzee aliyebakiza miezi saba kustaafu. Jumatano asubuhi Rula akamfuata.

"Mzee wangu, niandikie tangazo la muhula ujao, nione."

"Unanikagua? Nilianza kazi hii wewe ukifuta kamasi kwa mkono!"

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Hapo akalainika. Akafungua tangazo la mwaka uliopita, akafuta tarehe, akaandika mpya juu yake.

"Mbona huanzi upya?"

"Nianze upya nisahau sare? Hili halijasahau kitu hata siku moja."

Kweli halikuwa limesahau. Rula alivuta kiti, akaweka rula kwenye kioo, akashuka nayo mstari kwa mstari akitazama nukta peke yake. Nyeusi. Nyeusi. Ya mwisho ilikuwa ya bluu. Alipopeleka kishale juu yake, kikageuka kuwa mkono, ishara ya kiungo.

Mwaka uliofuata ule wa hosteli, mzee alifuta sentensi nzima akabakisha nukta, na anwani ikaing'ang'ania. Tangu hapo alikuwa akiipitisha mwaka hadi mwaka.

Mzee alivua miwani. "Kumbe ni mimi. Miaka yote hiyo!"

"Nani abonyeze nukta, mzee wangu? Sogea nifute."

Alifuta zote kumi, pamoja na anwani ile ya kwanza. Programu ikazunguka tena, ikatoka mikono mitupu. Akawaandikia wale waliokuwa wameizuia tovuti wakague upya.

Ijumaa saa tano na nusu wifi yake aliingia mbio, chai inamwagika. "Yamefunguka! Watoto wanaona matokeo!"

"Nani alikuwa ametufanyia haya?" akauliza mkuu, aliyeingia nyuma yake. Rula akaanza kufuta rula yake. Karani, aliyekuwa ameketi kando, ndiye aliyesimama.

"Mimi. Ukitaka wa kumpeleka kwenye glavu, nipeleke mimi, si yeye."

Kampuni walipofika walikagua saa nzima, wakaaga. Funguo zikabaki kwa Rula, na mzee hakupelekwa popote.

Tangazo la muhula uliofuata mzee aliliandika kwenye ukurasa mtupu, huku ananung'unika. Rula akashuka nalo kwa rula hadi chini, akaguna.

"Mzee wangu, sare iko wapi?"

"Si nilikwambia!"