Nuru na Kipaza Sauti cha Mukendi

Nuru hakuwa mtu wa kutulia hata siku za kawaida, lakini tangu Jumamosi ile alipomzimia Bienaimé Mukendi kipaza sauti hewani, hata chai ilimshinda kuinywa akiwa ameketi.

Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akafika Brussels msichana mkimbizi wa miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa na hamsini na uraia wa Ubelgiji. Asubuhi alipiga deki korido za Bunge la Ulaya. Jumamosi saa tisa alasiri aliendesha kipindi cha Kiswahili katika redio ndogo ya mtaani, chumba kimoja juu ya duka la viatu karibu na uwanja wa Flagey. Hakulipwa, ila wanawake wa Matonge, mtaa wa Waafrika, walikuwa wakisuka nywele huku wakimsikiliza, na hilo lilimtosha.

Mwaka huo, 2024, watu walikuwa wakijiandaa kupiga kura ya Bunge la Ulaya mwezi wa sita. Mukendi, mwalimu wa hesabu kutoka Lubumbashi, aliwekwa na chama chake kwenye orodha: mgombea wa akiba, nafasi ya saba. Aaron, mkurugenzi wa redio, alishaonya kwamba wakati wa kampeni hakuna mgombea atakayezungumza peke yake. Waitwe wote au asiitwe yeyote. Mukendi akaomba aje kuelezea kwaya ya kanisa lake tu. Nuru akakubali.

Hata dakika tano hazikuisha. "Kwaya iko muzuri," Mukendi alisema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "lakini batu betu, tarehe tisa, mutafute jina yangu, mubonyeze." Nuru alimtikisia kichwa. Mukendi akaendelea. Nuru akazima kipaza sauti cha mgeni wake, akaweka muziki.

Jumatatu alipoingia saluni ya Victorine, hakuna aliyemwonyesha kiti.

"Maman Nuru," Victorine alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akikisuka, "bengine bote banasema ku televisheni. Bon, wetu mumoja anafungua kinywa, weye unamukata."

"Sheria ni sheria, maman. Inawahusu wote."

"Inakata bote, ao inakata wetu?"

Nuru alitoka bila kusukwa. Angeweza kupanda basi, lakini alishuka kwa miguu hadi Flagey, akapanda tena hadi Porte de Namur, maneno ya Victorine yakimfuata kama kijiwe ndani ya kiatu. Alijua hakukosea. Mbona basi moyo haukukubali?

Wiki ile nzima, kila alipopita na ndoo yake mbele ya televisheni ya mapokezi, alisimama kidogo kusikiliza mdahalo. Walibishana juu ya kodi, pensheni na nani atakuwa waziri mkuu wa Ubelgiji, kwa kuwa siku hiyohiyo wangechaguliwa wabunge wa nchi pia. Kuhusu Bunge ambalo yeye alikuwa amesimama ndani yake, hakusikia hata sentensi moja.

Jumapili alimkuta Mukendi sokoni Flagey, peke yake, akigawa karatasi zenye picha yake.

"Ulinidanganya, ndugu Mukendi."

"Ni kweli, maman. Minakuomba pardon." Alizipanga karatasi mkononi ingawa zilikuwa zimeshapangika. "Lakini chama haikunipatia hata dakika moja. Ku televisheni banaenda bale ba mbele. Mi, baliniweka ku affiche, ku mapicha ya ukutani, sababu ya ngozi yangu. Redio yako ndiyo ilibakia."

Usiku ule ule Nuru aliviandikia barua vyama vyote vyenye orodha, vinane, kimoja baada ya kingine, vilete mgombea redioni. Vitano vilinyamaza. Kimoja kilisema wasikilizaji wa redio hiyo ni wachache mno. Chama cha Mukendi kilimruhusu aende. Cha mwisho kikamtuma mgombea wake Cécile, mwanasheria kijana asiyejua neno la Kiswahili.

Jumamosi iliyofuata walibanana watatu kwenye meza moja. Nuru alitafsiri, saa mkononi, dakika kumi kwa kila mmoja, wala hakumwongezea Mukendi hata nusu. Kisha simu ikalia. Alikuwa Victorine.

"Dada yangu iko Lille, kule Ufaransa," alisema. "Chama yake na ya Mukendi ziko na majina mbalimbali, lakini kule bungeni banaikala pamoja. Alors, sababu gani yeye hawezi kumupigia Mukendi kura?"

Nuru alipotafsiri, Mukendi alimgeukia Cécile. Cécile ndiye aliyejibu: kila nchi huchagua watu wake kwa orodha zake, wazo la orodha moja ya Ulaya nzima limezungumzwa miaka mingi, serikali hazijakubaliana.

"Donc ni uchaguzi vingt-sept, ishirini na saba," Mukendi alisema taratibu, "nchi vingt-sept, tunazipatia jina moja tu."

Nuru akajikuta anasema lake. "Mimi nasafisha kule. Milangoni yameandikwa majina ya makundi hayo ya vyama vinavyokaa pamoja. Kwenye kura sijawahi kuyaona."

Siku ya kura alisimama mbele ya skrini ya kupigia kura shuleni, foleni ikikohoa nyuma yake. Alilitazama jina la Mukendi muda mrefu. Kisha akabonyeza la Cécile, kwa sababu Cécile alijua jibu. Alitoka haraka, na wiki mbili akawa anavuka barabara kila alipoiona saluni ya Victorine.

Mukendi alipata kura elfu moja na mia tisa, hakuingia. Alimwambia Nuru kwa simu, sauti yake ikiwa tulivu kuliko alivyotarajia, kwamba nusu ya waliompongeza walimsikia redioni. Nuru alimshukuru. La kura yake hakulisema, na lilimkwaruza.

Mwezi wa tisa, uchaguzi wa manispaa ulipokaribia, vyama vitano viliiandikia redio vyenyewe vikiomba nafasi. Kimoja kiliuliza kama kingeweza kuletewa maswali mapema. Nuru alimsomea Aaron barua hiyo mara mbili, kisha akaandika jibu la neno moja: hapana.