Cheche na ukuta wa mama mkwe

Mtaa mzima ulimwita Cheche, na si kwa sababu ya kuchomelea mageti tu. Akiona kitu kipya, hali wala halali mpaka akifungue ajue ndani kuna nini. Redio ya mkewe ilifunguliwa hivyo, na mpaka leo haijafungwa.

Sasa mama mkwe wake alijenga juu ya udongo wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha, chini panakuwa uji, na ukuta wa chumba chake unazidi kuinama kama unachungulia jirani amepika nini. Ukianguka, mama hana pa kwenda ila kwa Cheche, mwenye chumba kimoja na pazia. Ndiyo maana aliyekosa usingizi ni Cheche, mwenye nyumba anakoroma.

Dawa aliiona kwenye ujenzi wa barabara, alikoitwa kuchomelea. Injinia, mwanamke mcheshi, alikuwa amepigilia vyuma na mabomba kwenye tope na kupitisha umeme. Maji yanatoka yenyewe kwenye mabomba, tope linakaza.

"Umeme unayasukuma," alimwambia. "Kutoka chanya kwenda hasi."

Cheche mdomo wazi, nzi angeingia akazunguka akatoka.

Jumamosi huyo kwa mama mkwe na mashine yake ya kuchomelea. Akapigilia nondo kando ya ukuta, akazika mabomba yenye matundu kule mtaroni, akazungushia kamba mtu asisogee.

"Mkwe, unaichoma nyumba yangu?"

"Naikausha, mama."

"Kwani jua limeacha kazi?"

Mashine ikanguruma mchana kutwa. Mabomba makavu kama koo la mlevi asubuhi. Ila chini ya ukuta, maji yanachuruzika, na ufa unapanuka! Mama mkwe akaanza kukunja nguo.

"Basi mwanangu, huko kwako niwekee kitanda dirishani. Joto siliwezi."

Cheche akazima mashine, jasho linamtoka, akampigia injinia.

"Hasi umeiweka wapi?"

"Ukutani. Kibano cha ethi, ile hasi, si kinabana kitu unachokitengeneza?"

Injinia alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Hiyo ya mageti, fundi! Maji yanafuata hasi. Umeyaita yote ukutani!"

Cheche akageuza waya. Kesho yake bomba likadondosha tone, likafuata lingine, mwisho ndoo ikajaa. Cheche kachuchumaa anatazama kama anaangalia mpira. Mama mkwe akaja kuchuchumaa pembeni.

Mvua kubwa ilipopita, mama alichoma ardhi kwa fimbo yake. Haikuzama. Ukuta haukunyooka, lakini haukuinama zaidi. Akarudisha nguo kabatini, kisha akatoka tena, macho yanamng'aa.

"Mkwe, hebu geuza tena kidogo tu, tuone kama yatarudi."

Cheche akaikalia mashine. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakutaka kujua.