Barza Imekosa Nini Hata Ifungwe?

Asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya vilima vya Fizi, Pulchérie, mfagizi, anafagia barza ya mahakama, kile kibaraza cha mbele kilicho wazi. Kila siku huanza na benchi la saruji lililoshikana na ukuta. Leo halifikii: limejaa mifuko ya saruji, na matofali yamerundikwa mbele yake.

Jengo hili lilijengwa zama za Wabelgiji. Mbele ni mahakama, nyuma ni gereza, na kati yake ukuta mmoja tu. Jaji akinyamaza, huwasikia wafungwa wakikohoa. Chumba cha watu kumi sasa kinalaza zaidi ya thelathini, kwa hiyo imeamuliwa barza izibwe iwe chumba cha pili.

Tangazo lilisema, "Barza itafungwa." Watu wakapata la kucheka. "Ilikosa nini?" waliulizana sokoni. "Nani aliishitaki?"

Pulchérie hakucheka. Wenye ugomvi hungoja kuitwa pale barzani, na benchi ni moja. Utake usitake, utakaa na adui yako. Wengi hupatana na kurudi nyumbani kabla jaji hajafika.

Yeye mwenyewe yalimkuta. Aliwahi kumshitaki mdogo wake, Casimir, kwa shamba la mihogo la marehemu baba yao. Wakiwa wanangoja kwenye benchi hilo, mvua ya upepo ikawashika.

"Nilikuwa na muhindi moja ya kuchoma," anasimulia. "Nikaona Casimir anatetemeka na baridi. Nikavunja, nikamupa nusu. Njo vile kesi iliisha."

Na fundi aliyepewa kazi ya kuziba barza ni nani? Casimir huyohuyo. Dunia haiishi vituko.

"Yaya, batu banakosa pumuzi mule ndani," anamwambia dada yake, mwiko mkononi.

"Najua. Mi pia nabasikiaka. Lakini benye kugombana batasikilizana wapi?"

Ukweli ni kwamba wote wawili wana haki, na hilo ndilo linalouma.

Wakiwa bado wanabishana, wanafika mwanamke na jirani yake mwanamume. Mbuzi wa jirani alikula mihogo ya mwanamke, na mwanamke akampiga jiwe mguuni. Wanatafuta benchi, hawalioni. Wanakaa juu ya matofali, kila mmoja akitazama upande wake.

Casimir anataka kuwainua. Pulchérie anamshika mkono.

"Baache kwanza. Utajenga nyuma, bakimaliza."

Fundi anaweka mwiko chini, anakaa ngazini.

Pulchérie ameshamwomba karani nafasi ya benchi jingine, nje, chini ya ukingo wa paa. Bado hajajibiwa.

"Buloko iko na mulango, bafunge," anasema akionyesha gereza kwa kidevu, ufagio ukiendelea. "Barza haina mulango. Kama banakamata hii, mi nitatengeneza ingine, hata ya miti."

Juu ya matofali, mwanamke anakohoa kidogo, kisha anamuuliza jirani yake kama mbuzi ameanza kutembea.