Nilimaanisha Kitufe cha "Nyumbani"

Jamani, naomba msiende kwa shangazi yangu!

Shangazi Mwanaidi yuko eda, amefiwa na mume. Hatoki, wala haonani na wanaume wasio maharimu wake. Ndiyo maana nikamtengenezea tovuti ya kofia anazoshona, apate wateja huku ametulia ndani.

Asubuhi nikaandika hapa: "Karibuni nyote mumtembelee Shangazi Mwanaidi wa Nkuhungu. Mkifika, bonyezeni Nyumbani."

Kitufe, ndugu zangu. Kitufe cha kwenye tovuti!

Mchana nimefika kwake, uani kumejaa wanaume. Wengine wamebeba sukari na mchele. Mzee mmoja anabonyeza kengele ya mlango, haachii.

"Shikamoo, mzee. Ilikuwa mumtembelee kwenye kompyuta."

"Marahaba. Kwani shangazi yako anakaa kwenye kompyuta?"

Nikawaomba radhi, wakaondoka wananishangaa. Tovutini hajaingia hata mtu mmoja.

Halafu nikamsikia Shangazi nyuma ya mlango: "Mwanangu, wameondoka? Adhuhuri inanipita, na maji ya udhu yako huko uani."

Nimwombeje radhi? Mwenye neno aandike hapa hapa.

Ila asije mtu.