Kovu la Jiwe la Tuta

Ruoyun alifika kijijini kutazama kazi ya kunakili maandishi ya mawe, tope hadi magotini, akamkuta mnakili mawe amekwisha kubandika karatasi iliyoloweshwa juu ya jiwe la kale lenye maandishi, ndani ya banda. Mama yule hakugeuka. Aliigonga karatasi kwa brashi hadi ikazama katika kila herufi, kisha akaidonoadonoa kwa furushi la kitambaa lenye wino, akilijaribu kwanza mgongoni mwa mkono wake, uliokuwa mweusi kuliko jiwe. Herufi zilibaki nyeupe. Alipofika kwenye mstari ambao mfalme mmoja aliamuru ufutwe kwa tindo, uliokuwa na majina ya vibarua waliokufa wakijenga tuta la mto, akapunguza mwendo.

“Shangazi, hapo paka wino tu pawe laini,” alisema Qiu, afisa wa utamaduni aliyesimama mlangoni. “Wageni wa mkoa hawataki makovu.”

“Basi wapelekee ubao wa shule.”

“Nitakunyang'anya ufunguo wa banda!”

“Alikuja mfalme na tindo akashindwa, sembuse wewe na ufunguo?”

Akalimaliza kovu, alama kwa alama, akabandua karatasi, akamtundikia Qiu ufunguo kidoleni. Mama yule aliondoka ameitandaza karatasi kifuani, ingali mbichi, akipita katikati ya soko, kovu likionekana na wote. Ruoyun alibaki bandani na Qiu, na ufunguo usio na cha kuficha tena.