Ndala za Kassim Langoni

Siku ile, mwanangu, hata leo naikumbuka. Nilikuwa kijana wa Kilifi, mwezi wangu wa kwanza Dubai, miaka ya elfu mbili na kumi na kitu. Nilipangiwa kumsaidia Mzee Faki, Mzanzibari aliyetunza lango la maji kando ya Khor, ile hori ya bahari iingiayo mjini, lango kuukuu la milango miwili ya chuma. Chombo huingia katikati, maji yakalingana, ndipo mlango wa pili hufunguliwa. Mzee alilijua lango lile kuliko alivyowajua wanawe, na alikiri mwenyewe bila haya.

Adhuhuri hiyo tuliambiwa arbab, mwenye gati, anakuja kukagua. Mzee akaenda kuswali, nami nikabaki nafagia, maana nilipenda sifa. Nikaona ndala chakavu zimetundikwa kwenye gurudumu la kufungia mlango. Uchafu gani huu mbele ya arbab? Nikazitupa nyuma ya pipa. Kisha, ili akute lango limefungwa vizuri, nikaanza kuzungusha gurudumu.

Mzee Faki alitokea mbio, kofia mkononi.

"Ndala za Kassim ziko wapi?"

"Nimezitupa, mzee."

"Wacha gurudumu. Kassim yuko chini."

Nikaliachia gurudumu. Kassim alikuwa mpiga mbizi wetu, akikwangua magamba ya baharini yaliyoganda kwenye milango chini ya maji. Desturi yao ilikuwa hivi: anayeshuka hutundika ndala zake pale, na hakuna anayegusa gurudumu mpaka azichukue mwenyewe. Sikuambiwa, kweli, lakini wala sikuuliza. Tukalirudisha gurudumu wawili, mimi nalia waziwazi. Maji yametulia tuli. Hata povu sikuliona. Nikajua nimeua mtu.

Kisha kichwa kikaibuka. Kassim akapanda ngazi, bega limechubuliwa na mlango, akasimama juu ya saruji inayochoma kwa jua. Akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, ndala zangu umeziweka wapi?"

Nikazifuata nyuma ya pipa, nikapiga magoti, nikamvisha. Mzee Faki hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na asingetoka, ungemvisha nani?"



Basi mwanangu, kuuliza si ujinga. Ukikuta kitu mahali usipokitarajia, kazini kwa watu, usikiondoe kabla ya kumjua aliyekiweka. Huenda roho ya mtu imetundikwa hapo. Mungu akuongoze mikono, na kila atakayeshuka wewe ukiwa juu, apande salama.