Kulabu za Kromiamu

Ng'ombe alipoanguka nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka pale. Kulabu iliyomshikilia ilikatika kwenye shingo yake ya chuma kwa mlio mkavu, na nusu nzima ya mzoga ikamshukia mchunaji begani. Nilisikia mfupa ukivunjika. Aliyewahi kuvunjia muwa gotini anaujua mlio huo.

Kulabu zile nilizitengeneza mimi. Nina karakana ya kuchomelea vyuma Meru mjini, na msimamizi wa kichinjio kile, upande wa Ishiara, ndiye aliyeniagiza. Pale chuma hakidumu. Damu ina chumvi, na maji ya moto humwagwa kutwa. Kulabu za kwanza nilizipaka rangi, ikabambuka upesi. Nikafua nyingine nikazituma Nairobi: nusu zizamishwe katika zinki iliyoyeyushwa, nusu zipakwe kromiamu, ile inayong'arisha bampa za magari. Tukazitundika pamoja tuone zipi zitashinda.

Miezi ilivyopita, zinki ilififia ikawa kijivu, ikatoa unga mweupe. Kromiamu ilimetameta vilevile.

"Fundi, hizi za kijivu zinaniaibisha," msimamizi aliniambia. "Mkaguzi anakuja. Toa zote, uweke zile zinang'ara."

Nilijua anakosea. Zinki ikikwaruzwa huliwa yenyewe kwanza, chuma kikapona. Kromiamu haina huruma hiyo. Ikipata ufa mwembamba kama unywele, maji hupenya yakala chuma chini kwa chini, huku juu kunang'aa. Nilikuwa nimeshaona vitone vya kahawia kwenye shingo za kulabu mbili tatu. Nilivisugua kwa msasa hadi vikapotea, nikasema, "Ziko sawa," nikazishusha za kijivu. Nilikuwa nimechoka kubishana. Tena, kusema kweli, nilipenda watu walivyozisifu.

Mchunaji alijikokota kutoka chini ya nyama. Mkono wake wa kulia ulining'inia. Wa kushoto ulikuwa umeokota kisu. Akaitazama kulabu iliyokatika, kutu imejaa ndani kama mavi ya panya, kisha akanitazama mimi.

"Wiki jana nilikuona ukisugua hizi vitu," akasema. "Ulikuwa unaficha nini?"

Akanirukia.

Niliinua mkono kujikinga, kisu kikapita kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Nikateleza kwenye damu, sijui ya nani, tukaanguka wote. Alinigonga usoni kwa kichwa mara mbili, jino likang'oka. Nami, naona haya kuliandika hili, nilimpiga ngumi palepale begani palipovunjika. Alipiga ukelele ambao sijausikia kwa mnyama yeyote. Nikampiga tena.

Aliyetutenganisha ni mchinjaji, mzee wa Kiislamu kutoka Maua. Alikanyaga kisu, akanishika ukosi.

"Wacha! Hapa tunachinja wanyama. Wewe unataka kuchinja nani?"

"Ameanza yeye, mzee."

"Na hiyo chuma imeanguka, iliwekwa na nani? Na yeye?"

Tulipelekwa hospitali katika pikapu moja, tumelazwa ubavu kwa ubavu. Kila gari liliporuka shimo, alilia. Nilibana jeraha langu kwa aproni ya mtu, nikaangalia juu.

Mkaguzi alipokuja nilimweleza yote, vitone na msasa, msimamizi akiwa hapo hapo. Nikafukuzwa kichinjioni, na sikubisha. Kulabu za kijivu zikarudishwa juu.

Bega liliungwa, lakini mkono wa yule mtu haupandi kupita kifua. Hachuni tena, anafuga mbuzi. Nyuzi za jeraha langu zilipotolewa nilimwendea nyumbani. Mkewe alinipa kiti uani.

"Umefuata nini?" mumewe akauliza, shoka mkononi.

"Nimekuja kukuomba msamaha, ndugu yangu. Kwa ile kulabu, na kwa bega."

Alirudia kupasua kuni kwa mkono wa kushoto. Shoka lilikosa, likaruka kando. Nikasimama nimsaidie.

"Keti," akasema.

Nikaketi. Alipasua rundo lote, na lilichukua muda mrefu sana.